Basi Hili Lilitengenezwa kwa Ajili ya Nani?

Asubuhi moja mama mjamzito aliingia kliniki akiwa ameshika kichwa. Miguu ilikuwa imevimba, na uso pia. Nilipompima shinikizo la damu, nikaona limepanda sana. Kadi yake ilionyesha kuwa amekosa mahudhurio mawili. Sikumkaripia, nilimwuliza sababu.

"Sista," alisema, "ngazi ya daladala iko juu, na konda hasubiri. Mara ya mwisho nilisimama kituoni asubuhi nzima na mtoto mgongoni. Nikachoka, nikarudi nyumbani."

Tulimpeleka hospitali upesi, na kwa neema ya Mungu yeye na mtoto walipona. Lakini swali lilinibaki moyoni: basi lile lilitengenezwa kwa ajili ya nani?

Safari ya mama si moja

Mtu wa ofisini hutoka nyumbani asubuhi, hufika kazini, na jioni hurudi. Mama je? Humpeleka mtoto shule, hupita sokoni, huenda kliniki, humjulia hali mama mkwe, kisha hurudi na kikapu mkononi na mtoto mgongoni. Kwa miaka mingi wapangaji wa miji waliitazama safari ile ya kwanza tu. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1999, wakuu wa jiji la Vienna, Austria, waliwauliza wakazi wao jinsi wanavyosafiri. Wanaume wengi walimaliza kujibu upesi. Wanawake waliendelea kuandika, maana safari zao zilikuwa nyingi na za kila namna. Baada ya kusikilizwa, njia za waendao kwa miguu zilipanuliwa, taa zikaongezwa, na penye ngazi pakawekwa mteremko wa kupitisha kigari cha mtoto.

Hatua iliyopigwa Dar es Salaam

Nasi tunao mfano. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi Dar es Salaam Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, jumla ya kilomita 21 hivi. Mabasi yalipewa njia yake, na vituo vilijengwa ili sakafu ya kituo ilingane na sakafu ya basi. Hapo mama mjamzito hapandi ngazi mlangoni, wala mzee mwenye mkongojo, wala mtu wa kiti cha magurudumu. Mwaka 2018 jiji hilo lilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu.

Hata hivyo, safari ya mama huanzia mlangoni kwake. Kama kuna mtaro usio na kivuko, au kichochoro chenye giza, kituo kizuri hakitamsaidia. Wala hakitamsaidia kama sisi abiria tutamsukuma ili tuwahi kiti.

Tufanye nini?

Kwanza, tuhudhurie mikutano ya mtaa, na tuseme kwa kutaja mahali: mtaro fulani, kona fulani, taa fulani. Tukinyamaza, wengine watapanga kwa niaba yetu.

Pili, tuwafundishe watoto wetu, hasa wavulana, kumpisha mjamzito na mzee. Mtoto hujifunza kwa kumwona baba na mama wakisimama.

Tatu, tupange safari za kliniki mapema. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio yasiyopungua 8 katika ujauzito. Mama na baba waweke akiba ya nauli, na wakubaliane na jirani mwenye gari kwa ajili ya dharura. Akina mama wa jumuiya wanaweza kupokezana kulea watoto siku hiyo. Na ukiona maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, uso kuvimba au damu kutoka, usingoje tarehe ya kadi. Nenda siku hiyo hiyo.

Katika Marko sura ya 2, watu wanne walimbeba mgonjwa wa kupooza hadi kwa Yesu. Mlango ulikuwa umejaa watu. Hawakumlaumu mgonjwa kwa kushindwa kutembea. Walipanda juu, wakafungua dari, wakamshusha. Mama mpendwa, katika mtaa wako yupo anayeshindwa kupita mlangoni. Je, tutambeba?