Siki Haipimwi kwa Kijiko

Julai 2021, Wizara ya Biashara na Viwanda ya Ufilipino ilitangaza kwamba inaandaa viwango vya taifa vya mapishi ya asili, na kwamba itaanza na adobo. Watu wakaja juu. Wakauliza serikali inaingiaje jikoni mwa mama zao, na ni adobo ya nyumba ipi itakayoandikwa kuwa ndiyo yenyewe. Muda si mrefu wizara ikafafanua: viwango havikulengwa majumbani, vilikuwa vya kuitambulisha adobo nje ya nchi, na hakuna atakayelazimishwa kuvifuata.

Wengi walizichukulia kelele zile kuwa mapenzi tu ya chakula cha nyumbani. Kwa jicho la sayansi ya chakula, waliopiga kelele walikuwa na hoja nzito kuliko wengine walivyodhani.

Adobo ni nyama, aghalabu ya kuku au ya nguruwe, inayochemshwa taratibu kwa siki, kitunguu saumu, pilipili manga, jani kavu la laurel, na chumvi au sosi ya soya. Wengine huacha mchuzi, wengine hukausha mpaka nyama ianze kujikaanga kwa mafuta yake yenyewe. Jina ni la Kihispania, lakini mapishi yalikuwapo kabla ya jina. Mmisionari Pedro de San Buenaventura, ambaye kamusi yake ya Kitagalogi ilichapishwa mwaka 1613, aliyaita adobo ya wenyeji kwa sababu yalimkumbusha nyama ya kulowekwa ya kwao. Sosi ya soya nayo ililetwa na Wachina. Ukiiondoa unabaki na adobong puti, adobo nyeupe, ya siki na chumvi peke yake.

Kwa nini siki? Ufilipino ni nchi ya joto na unyevunyevu, yenye visiwa zaidi ya 7,600, na nyama isiyotiwa kitu huko haimalizi siku. Vijidudu vingi vinavyoozesha chakula havistawi penye asidi. Hata kile kinachotoa sumu ya botulini hushindwa kukua pH ikishuka hadi 4.6 au chini yake. Ongeza chumvi, ongeza moto wa kutosha, na chakula kilichopikwa leo kinaweza kumfikisha msafiri anakokwenda. Utamu wa adobo ulizaliwa na haja ya kuhifadhi.

Sasa tuitazame siki yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha ubishi. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa mengi. Mgema wa Ufilipino, mananguete, hupanda mnazi asubuhi na jioni, hukata ncha ya karara, na kukinga maji yanayodondoka. Maji hayo huitwa tuba, na ni tembo kwa kila hali: matamu yakishuka mtini, makali baada ya saa chache. Katika visiwa vya Visayas watu huyatia magome ya mkoko, nayo hugeuka mekundu na kupata ukakasi. Hamira za hewani hugeuza sukari kuwa kileo, kisha bakteria wanaohitaji hewa hugeuza kileo kuwa asidi ya asetiki. Ndivyo tembo linavyokuwa siki, kule na huku kwetu.

Na hiyo ni ya mnazi tu. Paombong, katika mkoa wa Bulacan, inasifika kwa siki ya nipa, mti wa jamii ya minazi unaoota kwenye matope ya maji chumvi. Ilocos, upande wa kaskazini, hutumia siki nyeusi ya miwa. Kila moja ina ukali wake, na hata mtungi mmoja haubaki vile ulivyo: siki ya wiki tatu si ile ya miezi mitatu. Basi kanuni ya mapishi inayosema “nusu kikombe cha siki” inadhani kila mtu ana chupa ya kiwandani yenye asilimia ya asidi iliyoandikwa ubavuni. Bibi anayesema “tia mpaka itoshe” anatoa maelekezo sahihi zaidi, kwa sababu anapima ukali wenyewe wakati kikombe kinapima ujazo. Wafilipino wana neno la ustadi huo: tantsa, yaani kukadiria kwa jicho, pua na ulimi. Anayeuona kuwa uvivu wa kupima hajapika kwa siki ya mtungini.

Siri nyingine zinazorithiwa zina maana vilevile. Mtoto huambiwa asiikoroge siki kabla haijachemka, la sivyo itabaki “mbichi”. Kazi kubwa hapo hufanywa na mfuniko ulioachwa wazi, kwa kuwa sehemu ya asidi hutoka pamoja na mvuke na ule ukali wa kukwangua koo hupungua. Chungu cha udongo, palayok, kilipendwa pia kwa sababu nzuri: siki hula sufuria ya alumini na kuacha ladha ya chuma. Bikol hutia tui la nazi, Batangas hutia manjano, na kila upande huapa kwamba huo ndio mkono wa nyanya zao.

Hata hivyo, marehemu Doreen Fernandez, aliyeandika kuhusu vyakula vya nchi hiyo kwa kina cha pekee, aliona mchuzi wa sinigang ndio unaowakilisha zaidi ladha ya Wafilipino. Nakubaliana naye. Sinigang haihitaji hata siki, kwani uchachu wake hutoka kwenye mti ulio karibu na nyumba: ukwaju, embe bichi, mapera, au kamias, ambayo Mzanzibari ataitambua mara moja kuwa ni birimbi. Maji yake mara nyingi ni yale ya kuoshea mchele, ambayo wanga wake huupa mchuzi uzito kidogo. Humo huingia samaki, kamba au nyama, pamoja na figili, bamia, biringanya, na magimbi yanayorojeka. Uchachu unaofaa, wenyewe wanasema, ni ule unaokupa mtetemo kidogo mwilini. Siku hizi unga wa ukwaju wa pakiti umeingia karibu kila jiko. Unarahisisha kazi, lakini unatoa uchachu uleule mwaka mzima, na mpishi anayeutegemea hujinyima mazoezi ya ulimi.

Mezani upimaji huendelea. Kando ya wali huwekwa vibakuli vya patis, maji ya samaki waliochachushwa kwa chumvi, na siki yenye pilipili au ndimu ndogo za kalamansi. Kila mlaji hukoleza apendavyo, na mpishi hakasiriki.

Nitoe tahadhari moja. Kinilaw, samaki mbichi wa kutiwa siki, huonekana kama ameiva kwa sababu asidi hubadili protini na nyama huwa nyeupe. Hajaiva. Siki haiui minyoo ya samaki kwa uhakika, kwa hiyo usimjaribu kwa samaki usiyemjua alikotoka.

Adobo ijaribu. Chukua kuku wa kilo moja, vitunguu saumu vingi, pilipili manga nzima, majani mawili ya laurel na chumvi. Siki ya mnazi ionje kwanza: ikikuuma koo, izimue kwa maji kabla ya kumwagia. Acha mfuniko wazi, moto mdogo, usikoroge mpaka ichemke. Ikiiva, ipoe kidogo kisha iingize kwenye friji, uile kesho. Siku ya pili ndipo inapokolea.