Barabara ya Kasi ya Tohoku: kilomita 680 kutoka Tokyo hadi Aomori

Barabara ya Kasi ya Tohoku ndiyo ndefu kuliko zote za aina yake nchini Japani. Huanzia Kawaguchi, mji wa mkoa wa Saitama unaopakana na Tokyo upande wa kaskazini, na kuishia Aomori, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Honshu. Urefu wake ni kilomita 679.5, na hupita katika mikoa minane: Saitama, Gunma, Tochigi, Fukushima, Miyagi, Iwate, Akita na Aomori. Katika utaratibu wa namba za barabara za kasi ulioanzishwa mwaka 2017, barabara hii ilipewa namba E4, kwa kuwa inafuata takriban mkondo ule ule wa Barabara ya Kitaifa namba 4. Hiyo nayo ilirithi mapito ya Oshu Kaido, njia iliyotumiwa na wasafiri wa kwenda kaskazini enzi za watawala wa Edo, jina la zamani la Tokyo.

Tohoku ni jina la ukanda wa kaskazini-mashariki mwa Honshu. Kwa muda mrefu ukanda huo ulijulikana kwa mpunga, baridi kali na wakulima waliokwenda kutafuta vibarua Tokyo kila majira ya baridi, mashamba yanapolala chini ya theluji. Uduni wa barabara ulikuwa mojawapo ya sababu za kubaki nyuma, ingawa tatizo hilo halikuwa la Tohoku peke yake. Mwaka 1956 ujumbe wa wataalamu wa Marekani ulioongozwa na mwanauchumi Ralph Watkins, ulioalikwa na serikali ya Japani, ulitoa ripoti iliyozikosoa vikali barabara za nchi nzima. Wakati huo zaidi ya robo tatu ya barabara kuu za kitaifa za daraja la kwanza hazikuwa na lami. Mwaka huo huo liliundwa Shirika la Umma la Barabara la Japani, likapewa kazi ya kujenga kwa fedha za mkopo na kurudisha deni kwa tozo za watumiaji.

Shirika lilianza na njia zenye magari mengi. Kipande cha kwanza cha barabara ya Meishin, inayounganisha Nagoya na Kobe, kilifunguliwa mwaka 1963, na ile ya Tomei kati ya Tokyo na Nagoya ikakamilika mwaka 1969. Benki ya Dunia ilitoa mikopo kwa miradi hiyo miwili. Mikoa mingine ilipata matumaini mwaka 1966, sheria ilipoweka mpango wa mtandao wa kilomita 7,600 wa kuifikia nchi nzima. Njia ya Tohoku ilikuwa miongoni mwa mihimili ya mpango huo.

Ujenzi haukwenda kwa mfululizo kutoka kusini hadi kaskazini. Kipande cha kwanza, kati ya Iwatsuki na Utsunomiya, kilifunguliwa Novemba 1972 kwenye tambarare ya Kanto. Vipande vingine vilikuwa vikijengwa mbali na hapo, na kufikia mwaka 1975 iliwezekana kuendesha bila kukatiza kutoka Iwatsuki hadi kusini mwa Sendai. Mwishoni mwa miaka ya 1970 barabara ilifika Morioka. Wakati huo huo, kule mwisho kabisa, kipande cha Hirosaki hadi Aomori kilifunguliwa mwaka 1979 kikiwa kimejitenga. Sehemu ngumu ya milima iliyobaki katikati ilikamilika Julai 1986. Kipande cha mwisho kilikuwa kile kilicho karibu zaidi na Tokyo: kilomita chache za Urawa hadi Kawaguchi, katika eneo lenye makazi mengi. Kilifunguliwa Septemba 9, 1987, siku moja na njia ya Kawaguchi ya mtandao wa barabara za kasi za jiji la Tokyo. Kabla ya siku hiyo, malori yaliyotoka kaskazini yalilazimika kushuka na kujibanza kwenye barabara za kawaida ili kuingia mjini.

Kutoka Kawaguchi hadi Utsunomiya barabara ina njia sita, tatu kila upande, kwa sababu hapo ndipo msongamano ulipo. Inavuka mto Tone, inagusa kona ya Gunma mjini Tatebayashi, kisha inaingia Tochigi. Karibu na mto huo, kituo cha mapumziko cha Hanyu, upande wa magari yanayoelekea Tokyo, kimejengwa kwa sura ya mtaa wa enzi za Edo. Ni kumbukumbu ya vizuizi vya ukaguzi ambavyo zamani msafiri alipaswa kuvipita kabla ya kuukaribia mji mkuu.

Baada ya Utsunomiya njia hupungua kuwa nne na ardhi huanza kupanda kuelekea nyanda za juu za Nasu. Shirakawa ndilo lango la Tohoku. Katika karne za kale hapo kulikuwa na kizuizi kilichotenganisha himaya na nchi za kaskazini. Kutoka hapo barabara inafuata bonde la Abukuma kupitia Koriyama na Fukushima, huku milima ya Ou ikiwa upande wa magharibi. Sendai, mji mkuu wa mkoa wa Miyagi wenye watu zaidi ya milioni moja, ndio mji mkubwa kuliko yote ya njiani baada ya kuondoka eneo la Tokyo.

Kaskazini mwa Sendai barabara inaingia bonde la mto Kitakami na kupita Hiraizumi, makao ya ukoo wa Fujiwara wa kaskazini katika karne ya 12, ambayo mahekalu na bustani zake ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011. Ujenzi wenyewe ulisaidia kufukua historia. Karibu na Morioka, uchimbaji wa kiakiolojia uliotangulia matingatinga miaka ya 1970 ulisaidia kutambua mahali ilipokuwa ngome ya Shiwa, iliyojengwa mwaka 803. Ukishapita Morioka, mlima Iwate wenye urefu wa mita 2,038 huonekana wazi. Barabara kisha inageukia kaskazini-magharibi, inakata kona ya mkoa wa Akita kupitia Kazuno na mji wa kale wa madini wa Kosaka, na kuingia Aomori kwa handaki la Sakanashi lenye urefu wa zaidi ya kilomita nne. Mwishoni kuna tambarare ya Tsugaru, nchi ya matufaha. Mkoa wa Aomori peke yake hutoa zaidi ya nusu ya matufaha yote ya Japani, na sehemu kubwa husafiri kwa malori kuelekea kusini.

Manufaa ya barabara hii yameongezeka kadiri matawi yake yalivyoota. Huko Tochigi inaungana na barabara ya Kita-Kanto, na Koriyama inakutana na Ban-Etsu inayokatiza kutoka Bahari ya Pasifiki hadi Niigata. Murata kuna tawi la Yamagata, Kitakami kuna la Akita, Hanamaki kuna la Kamaishi, na Ashiro kuna la kwenda Hachinohe. Viwanda vimefuata makutano hayo. Mitambo ya kuunganisha magari ya Toyota iko Kanegasaki mkoani Iwate na Ohira mkoani Miyagi, na mji wa Kitakami umekuwa kituo cha utengenezaji wa vifaa vya elektroniki.

Adui mkubwa wa barabara hii ni majira ya baridi. Magari ya kusukuma theluji huenda kwa misafara, chumvi humwagwa kuzuia barafu, na kasi inayoruhusiwa hushushwa hadi kilomita 50 kwa saa hali inapokuwa mbaya. Zamani madereva walifunga matairi yenye misumari, lakini misumari hiyo ilisaga lami na kuufunika mji wa Sendai kwa vumbi. Malalamiko ya wakazi yalichangia kupatikana kwa sheria ya kitaifa ya mwaka 1990 iliyoyawekea matairi hayo mipaka. Hatari haijaisha: Januari 2021, dhoruba ya theluji huko Osaki, Miyagi, iliwafanya madereva wasione mbele, na magari takriban 130 yakahusika katika ajali ya mfululizo. Kwenye sehemu zilizonyooka mambo ni tofauti. Kati ya Hanamaki na Morioka kikomo cha kasi kilipandishwa kwa majaribio hadi kilomita 110 kwa saa mwaka 2017, kisha 120 mwaka 2019.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja Machi 11, 2011, tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilipoipiga Tohoku na tsunami kufagia pwani ya Pasifiki. Barabara ya kasi, iliyo ndani ya nchi mbali na pwani, ilipasuka uso na kutitia sehemu nyingi, lakini madaraja yake, ambayo mengi yaliimarishwa baada ya tetemeko la Kobe la 1995, hayakuanguka. Siku iliyofuata magari ya dharura yalikuwa yakipita, na Machi 24 ikafunguliwa kwa wote. Wahandisi wa serikali waliitumia pamoja na Barabara ya Kitaifa namba 4 kama mti wa chanuo: kutoka hapo walisafisha njia moja baada ya nyingine kuelekea mashariki, kama meno yanayoshuka hadi pwani. Kufikia Machi 15 njia 15 zilikuwa zimefunguliwa, na misaada ikaifikia miji iliyokatwa.

Swali la fedha limebaki tangu mwanzo. Kuanzia mwaka 1972 mapato ya barabara zote za kasi za kitaifa yaliwekwa kwenye mfuko mmoja, hivyo njia zenye faida kama Tomei zilisaidia kulipia zile za mikoa yenye watu wachache. Utaratibu huo uliwezesha barabara kufika mbali, lakini pia ulirahisisha kukopa. Mwaka 2005 mashirika manne ya umma ya barabara, yakiwa na madeni ya takriban yeni trilioni 40, yalibadilishwa kuwa kampuni. Tangu hapo Tohoku inaendeshwa na kampuni ya NEXCO Mashariki, na deni linasimamiwa na wakala maalumu wa serikali.

Ahadi ya awali ilikuwa kwamba deni likiisha, tozo zitafutwa. Tarehe hiyo imesogezwa mara kadhaa: kutoka 2050 hadi 2065, na mwaka 2023 sheria iliruhusu tozo kuendelea hadi 2115. Sababu kubwa ni uchakavu. Sakafu za madaraja ya miaka ya 1970, zilizoliwa na chumvi na uzito wa malori, zinabomolewa na kuwekwa mpya, huku magari yakibanwa kwenye njia chache zilizobaki.