Askari na Mishipa ya Moyo

Mwaka 1956 Daktari Hugh Trowell wa Mulago na mwenzake Singh waliandika katika jarida la tiba la Afrika Mashariki habari za Mwafrika mmoja aliyeugua maradhi ya mishipa ya moyo. Wakati ule lilikuwa jambo la nadra. Leo si nadra tena.

Moyo hulishwa kwa mishipa yake wenyewe. Mafuta yakijikusanya katika kuta za mishipa hiyo, njia husonga. Damu ikiganda hapo, njia huziba na sehemu ya moyo hufa. Tumbaku, shinikizo la damu, kisukari, unene na ukosefu wa mazoezi huharakisha madhara hayo. Gwaride la ujanani si kinga ya uzeeni.

Dalili yake kuu ni kifua kubana katikati, maumivu yakienea mkononi au tayani, pamoja na jasho jembamba na pumzi kukatika. Wengine hudhani ni kiungulia. Maumivu yajayo kwa kupanda mlima na kutulia kwa kupumzika nayo ni onyo.

Basi askari wa Busiu anayebanwa kifua asingoje zamu iishe. Mkubwa wake naye asimwite mtegaji, bali ampatie gari mara moja hadi hospitali ya Mbale. Kuficha maumivu si ushujaa.