Mashujaa Wawili

Marehemu Shaaban Robert alituachia hadithi za mashujaa wawili. Katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, Karama alishtakiwa kwa sababu alifundisha watu elimu ya sheria. Alisimama barazani akajitetea kwa maneno tu, maana alitaka nchi yake ipate haki. Katika Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, Adili alitupwa baharini na nduguze kwa wivu. Jini akawageuza kuwa manyani, akamwamuru Adili awapige kila usiku. Naye alipiga huku akilia, maana aliwapenda bado. Wote wawili walidhulumiwa. Mmoja alitetea nchi nzima, mwingine aliwahurumia waliomdhuru. Basi, usomapo hadithi, usiulize tu shujaa alitenda nini. Uliza pia alitenda kwa ajili ya nani.