Kaski ya macho inakuingiza mu biblioteke ya mbali

Kaski tunayoijua sisi inachungaka kichwa mu shimo. Lakini kuko ingine: inafunika macho, na ndani yake kuko foto inayokuzunguka pande zote. Ukigeuza shingo, unaona ukuta wa kando. Ukiinua kichwa, unaona dari.

Mu 2015, biblioteke kubwa ya Montréal, kule Kanada, ilitimiza miaka 10. Robert Lepage, mutu wa teatre, pamoja na mwandikaji Alberto Manguel, walitengeneza pale maonyesho yenye jina «La bibliothèque, la nuit». Mugeni anavaa kaski, na bila kutoka mu ile nyumba anatembelea biblioteke 10. Mu 2017 maonyesho yalifika Paris.

Moja kati ya zile 10 ni ya Sarajevo, kule Bosnia. Ile nyumba ilifunguliwa mu 1896 kuwa nyumba ya muji, na nyuma ikakuwa biblioteke ya taifa. Usiku wa tarehe 25 mwezi wa 8, 1992, mu vita, mabombu yaliiwasha moto. Wafanyakazi na wakaaji walijipanga mustari, wakapitisha vitabu mukono kwa mukono, huku masasi yanapigwa. Waliokoa kidogo tu, vingi viliungua. Nyumba ilijengwa upya, ikafunguliwa tena mu 2014. Ukuta umerudia. Vitabu havikurudia.

Na hapa njo habari inatufikia sisi. Batri za telefone na za kaski kama hizi, mara nyingi ziko na kobalti ndani, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu Kongo. Jiwe linatoka huku, linakuwa macho ya watu wa mbali. Watoto wetu wengi hawajaingia hata mu biblioteke moja ya kweli.

Kaski inaweza kukuonyesha chumba, dari na madirisha. Lakini haiwezi kukusomea ukurasa wenye uliungua mbele mutu haujapigwa foto. Basi, kama kwenu kuko sanduku lenye karatasi za kazi za babu wa Union Minière, ao foto zake za zamani, usingojee mashine ya Montréal. Telefone iko mu mufuko. Piga foto leo, karatasi kwa karatasi, na umuonyeshe mutoto kwenye unazichunga.