Ukipewa Siku ya Kupasuliwa, Anzia Jikoni

Mkulima hapandi mahindi katika shamba ambalo halijalimwa. Lakini watu wengi huenda kupasuliwa na mwili ambao haukutayarishwa.

Tuchukue ugonjwa wa ngiri, ambao huwasumbua watu wengi wa kuinua magunia na mikebe ya maziwa. Mara nyingi daktari humpa mgonjwa tarehe, na kabla ya siku hiyo yapo majuma kadhaa. Majuma hayo si ya kungoja tu.

Kosa linaloonekana katika mashamba ya skimu ni hili: maziwa yote hupelekwa kwa chama cha ushirika, mayai yote huuzwa sokoni, na mwenye ng'ombe na kuku hubaki na ugali mtupu. Ni kweli kwamba deni lazima lilipwe. Lakini mwili huunga kidonda kwa protini. Aliyepungukiwa nayo hukawia kupona, na kidonda chake huoza kwa urahisi. Akilala hospitali siku nyingi, magugu hayatamngoja.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Kila siku bakiza nyumbani maziwa na yai. Kula maharagwe, omena au nyama.

2. Kula sukuma wiki au terere pamoja na chungwa au pera. Chai usinywe pamoja na chakula, kwa maana huzuia madini ya chuma yanayojenga damu. Mwombe daktari akupime damu mapema.

3. Acha sigara mara moja.

4. Usiku wa kuamkia siku yenyewe, fuata amri ya hospitali juu ya kula na kunywa. Usimfiche daktari hata kikombe cha maziwa ulichokunywa. Tumbo likiwa na kitu, mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi aweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni.

Ukisharudi nyumbani, dawa nyingine ni usingizi. Siku za kwanza huwa mgumu kwa sababu ya maumivu, na mtu asiyelala huona maumivu yakizidi. Meza dawa ya maumivu kwa saa ulizoagizwa, usingoje yakulemee. Mchana kaa nje juani, tembea polepole, usilale muda mrefu. Tangu alasiri usinywe chai wala kahawa. Pombe usiionje: huharibu usingizi, tena ni hatari pamoja na dawa.

Nanyi wa nyumbani, wageni wasikae hadi usiku wa manane. Kukamua alfajiri kufanywe na mwingine, na baba asiinue mkebe mpaka daktari aruhusu.

Kidonda kikitoa usaha au kikifunguka, au homa ikipanda, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Lita chache za maziwa zilizobakizwa nyumbani si hasara. Ni mbolea ya mwenye shamba.