Mnunuzi Akirudi Kulalamika

Ni nadra siku hizi kupata nyumba isiyopata kuuza kitu kilichokwisha kutumika: cherehani, baiskeli, kabati au simu. Auzaye si mfanya biashara, hana duka wala stakabadhi. Humwuzia jirani yake, au mtu asimamaye naye safu moja msikitini. Kwa hiyo kitu kikiharibika, ugomvi wake huwa mchungu kuliko ule wa dukani. Mwenye duka waweza kumhama. Jirani utaonana naye alfajiri ya kesho. Twawajua watu waliokatiana salamu kwa sababu ya cherehani moja kuukuu.

Basi yatupasa tufahamu kwanza kwamba mnunuzi arudiye kulalamika hakumtukana mtu. Anadai haki ambayo sheria yetu inaiita khiyari ya aibu, nayo ni ruhusa ya kurudisha kitu kilichokuwa na kasoro tangu kilipokuwa mkononi mwa muuzaji.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ametaja katika Ihyau Ulumid-Din kisa cha sahaba Wathila bin Al-Asqaa (r.a.). Mtu mmoja aliuza ngamia wake kwa dirhamu 300. Mnunuzi alipokwisha kwenda zake, Wathila alimfuata mbio, akamwuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Alipojibu kuwa ni kwa kupanda, Wathila akamwarifu kwamba mnyama yule ana tundu katika wayo, hataweza safari ndefu. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akampunguzia dirhamu 100. Muuzaji alipomlaumu Wathila kwa kumharibia biashara, alijibiwa kwamba wao walimpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu.

Lifikirini swali la Wathila, enyi vijana. Kwa mwenye kutaka nyama, tundu lile si neno. Kwa msafiri ni kasoro kubwa. Kadhalika cherehani iliyochubuka rangi haina aibu, maana uchakavu ni desturi ya kitu kuukuu, na mnunuzi ameuona. Lakini ikiwa inaruka mishono, na mwenyewe anajua akanyamaza, hiyo ni ghushi, na Mtume (s.a.w.) amejitenga na mwenye kughushi.

Wako wasemao: "Nilimwambia nauza kama kilivyo." Katika madhehebu ya Shafi neno hilo halimwokoi. Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba sharti la namna hiyo humwondolea muuzaji dhima ya kasoro ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, basi. Vitu vingine havimo.

Mnunuzi naye ana mipaka yake. Akiijua kasoro ni wajibu arudi upesi na aache kukitumia kitu. Akiendelea kushonea mwezi mzima, haki yake imekwisha. Akiwa amekiongezea kasoro nyingine, hawezi kumlazimisha muuzaji akipokee vivyo hivyo. Na wakibishana kasoro ilianza lini, na yote mawili yamkini, husadikiwa muuzaji kwa kiapo. Lakini matumizi aliyoyapata kabla ya kuijua kasoro hayalipii, maana lau kingepotea mkononi mwake, hasara ingekuwa yake.

Basi muuzaji amkaribishe mwenziwe, amsikilize hata mwisho, kisha wakipeleke kitu kwa fundi wanayemwamini wote wawili. Ikithibiti kuwa kasoro ni ya zamani, fedha zirudi. Wakipenda, baada ya kuvunja bai ya kwanza waweza kuuziana upya kwa bei ndogo. Kama fedha zimekwisha tumika, zimekuwa deni. Na mnunuzi ampe muda mwenye dhiki, kama ilivyoamrishwa katika Suratul-Baqara, aya ya 280.

Na hata sheria ikiwa upande wa muuzaji, iko daraja ya juu zaidi: kukubali kuivunja bai kwa hiari mnunuzi anapojuta. Amepokea Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) amemwahidi mwenye kufanya hivyo msamaha wa Mwenyezi Mungu kwa kuteleza kwake.

Bora ya yote ni kujihadhari mapema. Kabla hujapokea fedha, taja kila kasoro uijuayo, kitu kijaribiwe mbele ya mnunuzi, na awepo shahidi. Huenda bei ikapungua; lakini baraka ya bai imo katika kusema kweli na kubainisha, na jirani atabaki kuwa jirani.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika chumo la halali. Amin.